Motokari Nzee na Njia ya Kabambare

Wapendwa, katika masomo haya mmezoea kusoma juu ya maji ya kunywa, juu ya mbu, na juu ya chakula cha watoto. Leo somo letu ni motokari. Labda utauliza, "Motokari ina neno gani na afya yangu? Mimi sina motokari, wala sijui kuiendesha." Ngoja kwanza. Siku ile mke wako, au binti yako, atakapokuwa na uchungu tangu jana na mtoto hatoki, utakumbuka motokari kabla ya kukumbuka dawa yo yote.

Toka Kabambare hata Kasongo ni zaidi ya kilometa 100, na barabara ni ya udongo. Wakati wa kiangazi, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kuna vumbi na mawe. Mvua zikianza kuwa nyingi, udongo mwekundu huwa kama sabuni, malori huchimba mifereji mirefu, na magogo ya madaraja huoza. Kwa hiyo watu wengi husafiri kwa pikipiki na baiskeli, na wagonjwa wengine huchukuliwa kwa tipoyi mabegani mwa ndugu zao. Tusizidharau njia hizo, zimeokoa wengi. Lakini mama anayetokwa na damu hawezi kuketi juu ya pikipiki siku nzima. Huyo anahitaji motokari yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Na motokari ya namna hiyo tunayoipata sisi, mara nyingi ni nzee: Land Rover au Land Cruiser iliyokwisha kufanya kazi miaka ishirini au thelathini.

Uzee wa motokari si ugonjwa. Motokari nzee iliyotunzwa hushinda mpya isiyotazamwa na mtu. Tena yaweza kutengenezwa kijijini. Injini ya mazutu ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, haina kompyuta ya kuitawala, na fundi mwenye akili aweza kuielewa kwa macho na masikio yake. Ila ina mkanda mmoja ndani, unaopatanisha mwendo wa sehemu za injini, nao hauonekani kwa nje. Mkanda huo hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika njiani, injini huumia vibaya, na hakuna fundi wa porini atakayeiponya. Ukinunua motokari nzee na mwenyewe hajui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa kamwe.

KWA NINI TUITENGENEZE KABLA YA KUITWA

Desturi yetu ni hii: motokari husimama uani, kuku hulala chini yake, na siku mjumbe anapokuja mbio ndipo tunapotafuta betri, tunapoazima pine, tunapokwenda sokoni kununua mazutu katika chupa. Saa tatu au nne zinapita hivyo. Je, yule mama anangoja nini saa zile?

Wengine husema, "Tutawajua mapema wenye hatari, nao watakuja Kasongo kukaa karibu na hospitali." Ni vema wakija. Lakini Kasongo yenyewe ilitoa ushuhuda juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1970, watu wa kazi ya afya wa Kasongo, pamoja na wenzao wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, waliandika habari za akina mama waliokuja kupimwa mimba. Walitaka kujua kama twaweza kutambua mapema ni nani atakayekwama katika kuzaa, wakiangalia wale waliopata taabu katika uzazi uliotangulia. Katika kila mama 10 walioogopewa, 9 walizaa bila mtoto kukwama. Na katika kila mama 10 ambao mtoto alikwama kweli, karibu 7 hawakuwa katika hesabu ya walioogopewa. Habari hizo zilisomwa mbali sana na Maniema, nazo zilibadili mawazo ya waganga wengi.

Maana yake ni hii: mama atakayehitaji motokari, mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyemwazia. Hatujui jina lake wala siku yake. Kwa hiyo motokari haiwezi kungoja habari ndipo itengenezwe. Yule Msamaria alimpandisha mtu aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake mwenyewe, nasi tunamsifu kwa huruma yake. Lakini mnyama yule alikuwa amelishwa, na mafuta na divai vilikuwa tayari mfukoni.

KUITAZAMA TOKA CHINI

Shofere aanze chini, wala si kwenye rangi. Nimeona watu wakichanga fedha ili jina la kanisa liandikwe vizuri mlangoni, na pine za nyuma hazina meno hata moja. Rangi haivuki tope.

Alale chini ya motokari iliyosimama juu ya magurudumu yake, akiwa na taa na kitambaa. Asilale kamwe chini ya motokari iliyoinuliwa kwa kriki tu. Kriki huteleza, nayo haina huruma. Aweke gogo nene chini ya chuma cha motokari, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha aingie.

Atazame resori, yale mabamba ya chuma yaliyolala moja juu ya jingine. Katika njia zetu ndizo zinazovunjika kwanza, hasa lile bamba refu la juu. Mstari mwembamba wa kutu kukatiza bamba ni alama ya ufa. Bamba hilo libadilishwe nyumbani, lisingoje kuvunjika kule msituni. Hata hivyo achukue bamba moja la akiba, na mipira ya ndani ya pine iliyokatwa iwe mikanda mirefu. Kwa mikanda hiyo na kipande cha mti mgumu, resori iliyovunjika hufungwa kama mfupa wa mguu unavyofungwa kwa vibao, na motokari hufika polepole.

Atazame mafuta ya mhimili wa mbele na wa nyuma. Akifungua kizibo na kuona mafuta meupe kama maziwa, ajue maji yameingia mtoni, na mafuta hayo lazima yamwagwe yote. Mafuta mabaya hula meno ya chuma kidogo kidogo bila kelele, kama vile minyoo inavyokula damu ya mtoto anayecheza bado.

Motokari nyingi za zamani zina vitovu katika magurudumu ya mbele, vinavyozungushwa kwa mkono ili magurudumu hayo yapate nguvu. Shofere asiyevigusa mwaka mzima atavikuta vimeshika kutu siku ya tope. Basi kila mwezi avizungushe, aingize nguvu ya magurudumu manne, na kwenda nayo mwendo mfupi penye udongo laini. Ni kazi ya nusu saa.

Pine ziwe tano nzuri, na ya sita ikipatikana. Pamoja nazo iwepo mipira ya ndani, viraka na gundi, vyuma viwili vya kutolea pine, na pampu. Penye tope au mchanga hutolewa hewa kidogo ili pine ilale na kushika. Lakini shofere asiye na pampu asitoe hewa, maana mawe ya mbele yatamkatia pine iliyolegea. Bolti za magurudumu zikazwe kabla ya kuondoka, na tena baada ya kilometa 50.

Radiata na mipira yake, mkanda wa feni, breki, taa, betri: hayo mnayajua, sitayasema yote. Ila nasema neno moja juu ya radiata, kwa kuwa wanaoungua ni wengi. Injini ikichemka, mtu asifungue kizibo. Azime, angoje nusu saa, ndipo afungue kwa kitambaa kinene, uso ukiwa mbali. Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Msimpake mafuta ya mawese, wala dawa ya meno, wala mafuta ya injini. Na maji makali ya betri yakiruka jichoni, oshweni jicho papo hapo kwa maji mengi safi, robo saa au zaidi, kisha mwende kwa mwuguzi.

MAZUTU

Tupige hesabu. Tuseme kwenda ni kilometa 150 kwa kuzunguka penye daraja bovu, na kurudi vilevile: jumla kilometa 300. Penye njia njema motokari ya namna hii hunywa lita 12 hivi kwa kilometa 100, lakini penye tope hunywa 20. Basi lita 60. Ongeza nusu yake kwa ajili ya kukwama na kurudi nyuma, zinakuwa lita 90. Ziwepo zote kabla ya kuondoka. Usitumaini mazutu ya njiani.

Mazutu yanayouzwa katika bidoni mara nyingi yana maji na takataka. Acha bidoni itulie usiku kucha. Maji ni mazito kuliko mazutu, hukaa chini. Mimina polepole kupitia kitambaa safi kisicho na nyuzi, na lita ya mwisho usiimimine. Chukua vichujio viwili vya mazutu vya akiba, maana kichujio kikiziba injini hupungukiwa nguvu penye mlima, na shofere asiyejua ataanza kufungua mambo yasiyo na kosa.

Sasa, ndugu zangu, desturi moja ituondokee: kunyonya mazutu au esansi kwa mdomo kwa mpira. Tone dogo likishuka njia ya pumzi, mapafu huwaka kama yameungua. Mtu akimeza, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mawese kusudi atapike. Kutapika kutalirudisha lile tone lipite karibu na mapafu mara ya pili. Akikohoa au akipumua kwa taabu, afike kwa mganga siku hiyohiyo. Njia njema ni hii: zamisha mpira wote ndani ya bidoni hata ujae, ziba ncha moja kwa kidole, itoe nje na kuishusha chini kuliko bidoni, kisha ondoa kidole. Mazutu yatakuja yenyewe.

Mazutu ya akiba yafungwe nje ya motokari au nyuma kabisa, yasiwe kichwani pa mgonjwa.

MOSHI USIOONEKANA

Neno hili nalisisitiza, kwa sababu lisipoonekana huua. Bomba la moshi la motokari nzee hutoboka kwa kutu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Sumu hiyo huingia katika damu na kukalia mahali pa hewa njema. Mtu huumwa kichwa, moyo huchafuka, kisha husinzia, nasi tunasema, "Amechoka na safari, mwache alale." Atakayeumia wa kwanza ni yule ambaye damu yake ni kidogo tayari: mtoto mwenye malaria kali, au mama aliyetokwa na damu. Tumemweka ndani ili tumponye, kumbe tunamwongezea sumu.

Injini ikiwa bado baridi, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene kilicholowa, na mwingine asikilize chini. Mahali panapopumua ndipo palipotoboka. Tena milango ya nyuma isifungwe kwa kamba ikiachwa wazi, maana mwendo wa motokari huvuta moshi uingie ndani hata kama bomba ni zima. Fungueni madirisha ya mbele. Na ikikwama usiku, injini isiachwe inaunguruma watu wakilala ndani.

MZIGO WA NDUGU

Hapa nasema na washiriki wa kanisa hasa. Habari zikienea kwamba motokari ya hospitali inakwenda Kabambare, huja mtu na gunia la mchele, mwingine na bidoni za mawese, mwingine na mbuzi, na wote ni jamaa. Shofere akikataa huitwa mwenye kiburi. Lakini resori huvunjika chini ya nini? Magunia juu ya paa huifanya motokari ianguke upande penye mifereji. Wa kupanda ni hawa: shofere, fundi au msaidizi wake, mwuguzi, mgonjwa, na ndugu mmoja au wawili, mmoja wao awe mwenye kukubali kutoa damu. Mkimwona shofere akikataa gunia la mzee wa kanisa, msimseme vibaya.

Vitu vinavyofaa kuchukua nafasi ni godoro na mikanda ya kulifunga lisiteleze, ndoana ya kutundikia chupa ya maji ya dawa, lita 20 za maji yaliyochemshwa, chakula cha siku mbili, vyandarua, sepetu, shoka, panga, kamba nene ya kuvutia, na mbao mbili ngumu za kuweka chini ya magurudumu au kuzibia pengo la daraja. Mama mwenye mimba alazwe kwa ubavu wa kushoto, asilale chali, ili tumbo lisiukandamize mshipa mkubwa wa damu.

NJIANI

Penye daraja la magogo watu wote wasioumwa washuke. Shofere atembee juu yake kwanza, apige magogo kwa kisigino cha shoka. Penye maji, mtu atangulie kwa miguu akishika fimbo. Maji yakifika mapajani, au yakienda kwa nguvu, ngojeni yapungue. Injini ikinywa maji hufa papo hapo, na kungoja saa mbili si sawa na kungoja wiki mbili.

Karibu na mito, kama Luama kule Kabambare, funga madirisha penye inzi aitwaye mbung'o. Inzi huyu hufuata vitu vikubwa vinavyokwenda, na motokari kwake ni kama mnyama. Ugonjwa wa usingizi umekuwa katika Maniema miaka mingi. Mtu mwenye homa ya kurudi-rudi, tezi za shingo zilizovimba, na usingizi wa mchana, apimwe damu. Zamani dawa zilikuwa za sindano tu, nyingine kali mno. Tangu mwisho wa mwaka 2018 nchi yetu imekubali vidonge viitwavyo feksinidazoli, ambavyo wagonjwa wengi huweza kutibiwa navyo bila sindano.

Kumbukeni kwamba safari katika nchi hii ilizuiwa na vitu vidogo tangu zamani. Dr. Livingstone alikaa Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, kwa miezi mingi toka Julai 1870. Kwanza hakuweza kutembea kwa ajili ya vidonda vya miguu. Hakuwa na magurudumu. Miguu ndiyo iliyokuwa motokari yake.

Shofere naye ni kiungo cha motokari. Alale usiku wa kwanza, asinywe lotoko, apimwe macho kila mwaka. Shofere asiyeona shimo jioni ni hatari kuliko breki mbovu. Kabla ya kuondoka awaulize wanaotoka kule juu ya hali ya barabara na juu ya amani, na kama habari ni mbaya, mganga na wazee wakate shauri pamoja naye, wasimwachie peke yake.

Na ninyi wa vijiji vya ndani, ambako motokari haifiki, wekeni tipoyi tayari na vijana wanane waliokubaliana, wanne wakipokezana na wanne. Mkileta mgonjwa hata barabarani wakati motokari inakuja, mmeokoa nusu ya siku.

BAADA YA KURUDI

Mgonjwa akiisha kupokewa, kazi haijaisha. Kama kuna damu, matapishi au kuhara, msaidizi avae glavu na kuosha kwa maji ya klorini: vijiko 10 vya chakula vya unga wa klorini wa asilimia 70 katika lita 20 za maji. Kwanza afute uchafu, kisha aweke dawa na kungoja dakika 10, ndipo aoshe kwa maji matupu, maana klorini hula chuma.

Kisha shofere aandike katika daftari: tarehe, kilometa, mazutu yaliyotumika, na kila sauti ngeni aliyoisikia, hata kama motokari imefika salama. Fundi aisome kesho yake asubuhi. Mtunza fedha aisome pia, ajue kichujio kipi kinunuliwe kwa sadaka ya mwezi huu. Tangi lijazwe jioni ileile. Na motokari isimamishwe penye mteremko, pua ikielekea langoni, jiwe likiwekwa mbele ya gurudumu, ili betri ikikataa usiku, watu wawili waweze kuondoa jiwe na kuisukuma.